Solihull ya kwenye kibati cha mjomba

Ndani ya Land Rover ya mjomba, ile ndefu iitwayo 109 iliyokuwa ikibeba abiria na magunia ya vitunguu kati ya Mang'ola na Karatu, kulikuwa na kibati kilichopigwa chapa ya maneno: Solihull, Warwickshire, England. Nilikuwa nakisoma kila tulipokwama tukisubiri injini ipoe. Utotoni nilidhani Solihull ni jina la fundi aliyeiunda.

Sasa naishi Coventry, na Solihull ni mwendo mfupi tu kwa gari. Kiwanda kilichotoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948 ndicho kilichopangiwa kuunda Jaguar mpya ya umeme, gari la fahari litakalouzwa zaidi ya pauni 100,000. Kwa pesa ya nyumbani hiyo inapita shilingi milioni 300. Jaguar na Land Rover ni kampuni moja siku hizi, na tangu 2008 mwenye mali ni Tata wa India.

Wengi mtakumbuka Novemba 2024, tangazo la Jaguar lilipotoka likiwa na watu waliovaa rangi kali na bila gari hata moja. Wiki chache baadaye wakaonyesha gari la mfano Miami, Type 00, moja la pinki na moja la buluu. Humu mjini yalizungumzwa kama msiba wa ukoo. Kilele cha manung'uniko kilikuwa umbo na rangi. Mimi nadhani tatizo liko kwenye bei, kwa sababu bei ndiyo iliyokuwa roho ya Jaguar.

William Lyons, mwanzilishi wa Jaguar, alianza Blackpool mwaka 1922, akitengeneza vigari vya pembeni ya pikipiki, akahamia Coventry 1928. Ufundi wake mkubwa ulikuwa kutengeneza gari zuri kupita yote barabarani, kisha kuliuza kwa bei iliyowashangaza washindani. E-Type, gari lake la michezo, ilipotoka 1961 iliuzwa takriban pauni 2,100 kodi ikiwemo, karibu nusu ya bei ya Aston Martin ya wakati huo. Halikuwa gari la maskini, hilo nalijua. Lakini daktari wa mtaani alilinunua, mwenye duka akalinunua, na miaka kumi baadaye kijana wa gereji akalinunua likiwa limechakaa, akalifufua mwenyewe Jumamosi kwa Jumamosi.

Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala lililojengwa Browns Lane, pale kiwanda cha Jaguar kilipokuwa tangu miaka ya 1950. Kuunda magari pale kulikoma 2005. Eneo sasa linaitwa Lyons Park, kwa heshima ya mwanzilishi, na tunachopanga humo ni maboksi. Mzee wa nyumba ya pili kutoka kwangu alitumia miaka ishirini na zaidi humo kiwandani akisugua mbao za dashibodi. Sebuleni ana picha yake amesimama mbele ya Jaguar aliyoinunua mitumba, mkono juu ya boneti, kama mtu aliyemshika mwanawe begani. Nilipomwonyesha hii mpya kwenye simu aliitazama kwa muda mrefu, akasema ni nzuri, akanirudishia simu. Hakuongeza neno.

Naomba nieleweke kuhusu umeme. Injini ya Land Rover ya mjomba ilishushwa mara mbili, na ya mwisho kuwekwa ilikuwa ya Isuzu, ya dizeli. Hakuna abiria aliyewahi kushuka akisema hii si Land Rover tena. Moshi wake ulikuwa mweusi, na tandiboi aliyekaa nyuma alikohoa mpaka kiangazi kikaisha. Kama siku ile tungeletewa mota isiyotoa moshi tungepiga vigelegele. Gari likibadilishwa moyo bado ni lilelile, ilimradi linawabeba walewale. Jaguar wanabadilisha watu wa kubebwa, na hapo ndipo ninapoona jina limebaki peke yake.

Na wao walishaonyesha kwamba inawezekana vingine. I-Pace yao ya umeme ilitoka 2018, ikaundwa Graz, Austria, ikaanzia pauni 63,000 na kitu, na 2019 ikachaguliwa gari bora la mwaka duniani. Ghali, ndiyo, lakini nimewaona wauguzi na walimu wakiendesha zilizotumika. Badala ya kuishusha bei hatua kwa hatua, wameiacha na kupanda ghorofani. Inaniuma zaidi nikikumbuka betri za namna hii zinavyotegemea kobalti, na kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, na watu wanaosalimiana kwa Kiswahili kama sisi.

Huku gari la miaka kumi na mbili likipata ajali ndogo, bima hukadiria, huona matengenezo yanazidi thamani yake, na safari inaishia kwa wauza vyuma chakavu. Nyumbani gari hilohilo lingekuwa ndiyo kwanza limeingia barabarani. Oktoba 2024 wenye Land Rover walijaa Arusha wakitafuta rekodi ya dunia ya msafara mrefu, na baadhi ya zilizokuja zilikuwa na umri unaozidi wa madereva wake. Na ni hapohapo Arusha, na Nairobi pia, mafundi wamekwisha kung'oa dizeli kwenye magari ya utalii na kuweka mota na betri, bodi ileile, viti vilevile, tembo hasikii kitu. Ukiniuliza ufufuaji ni upi, nitakuelekeza huko.

Mtoto wa mjomba ni fundi umeme wa magari Arusha. Land Rover ya baba yake ipo uani, imewekwa juu ya mawe, kibati bado kinasomeka. Mwezi uliopita nilienda kwa wauza vyuma chakavu nje ya mji, nikakuta I-Pace iliyogongwa ubavuni, mota zote mbili nzima. Nikampigia kwa video.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Iangalie hii."

Akanyamaza, akaniambia nisogeze simu karibu na ekseli ya nyuma, kisha niizungushe polepole. Nikasikia anamwita mwenzake aje aone.

"Kaka, pima upana wake hapo, boliti hadi boliti. Una futi?"

Sikuwa nayo. Nilirudi nayo Jumamosi iliyofuata.