Gemu za Video Makumbushoni: Tunachoonyeshwa na Tunachofichwa

Mwezi Novemba 2012, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, maarufu kwa jina la MoMA, lilitangaza kwamba limeingiza gemu za video 14 katika mkusanyo wake wa kudumu, zikiwemo Pac-Man ya mwaka 1980, Tetris ya 1984 na The Sims ya 2000. Hazikupokelewa na watunzaji wa michoro wala wa sanamu. Zilikwenda kwenye idara ya usanifu, chini ya msimamizi wake mwandamizi Paola Antonelli, idara ileile inayohifadhi viti, taa na miundo ya herufi. Wengi hawakuliona jambo hilo, au waliliona wakalipuuza: kwa kuwa jumba ni la sanaa, walichukulia kwamba gemu zimetangazwa kuwa sanaa, na mabishano yakaanzia hapo.

Mhakiki wa sanaa wa gazeti la Guardian la Uingereza, Jonathan Jones, alipinga bila kuchelewa. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kazi ya sanaa ni namna mtu mmoja anavyoyatazama na kuyajibu maisha, ilhali kinachotokea ndani ya gemu huzaliwa baina ya mchezaji na programu. Mchezaji hawezi kudai kwamba maono ni yake, na mtengenezaji naye amekwisha kuyaachia, kwa hiyo hakuna msanii, na pasipo msanii hapana sanaa. Miaka miwili kabla yake, mhakiki wa filamu wa Marekani Roger Ebert alikuwa ameandika kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Miezi michache baadaye akakiri kwamba hakupaswa kulianzisha suala hilo ilhali hazichezi, ingawa msimamo wenyewe hakuuacha.

Mimi ni msanifu, na kazi yangu ya kila siku ni kupanga skrini ambazo watu watazigusa bila kujiuliza ni nani aliyezipanga. Ndiyo maana hoja ya Jones naiheshimu kuliko walivyoiheshimu wapenzi wengi wa gemu, ambao waliijibu kwa hasira tu. Ameshika jambo la kweli, kwamba mtengenezaji wa gemu hamalizi kazi yake mwenyewe na kwamba sehemu yake moja humaliziwa na mikono ya mtu asiyemjua. Ninapotofautiana naye ni pale anapodhani kwamba kuachia sehemu hiyo ni sawa na kuachia yote.

Tuitazame Pac-Man kwa karibu. Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco waliweka mizuka minne kwenye vichochoro vya skrini, na kila mmoja wakaupa tabia yake. Mwekundu humfuata mchezaji pale pale alipo. Wa waridi haumlengi yeye, bali hulenga miraba minne mbele ya uso wake ili umzibie njia. Wa buluu hupiga hesabu kwa kutazama alipo mchezaji na ulipo ule mwekundu, kwa hiyo mwendo wake ni mgumu kubashiri, na wa rangi ya chungwa humwandama akiwa mbali lakini ukimkaribia hugeuka ukaenda kwenye kona yake. Kila baada ya muda yote minne huacha kuwinda na kutawanyika, mchezaji apate kuvuta pumzi. Hakuna hata kanuni moja kati ya hizo iliyoandikwa kwenye skrini, na watu wengi wamecheza miaka mingi bila kuzijua. Wanachokijua ni ile hali ya kuzingirwa, kisha kupata mwanya, kisha kuzingirwa tena. Kukata kushoto au kulia ni uamuzi wa mchezaji, lakini hofu inayomsukuma aamue upesi imepangwa na mtu mwingine, na imepangwa kwa makusudi.

Hata hivyo, hilo peke yake halimshindi Jones. Sataranji nayo ina kanuni zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, na yeye mwenyewe aliitaja: ni mchezo mkuu, lakini bingwa wake si msanii kwa sababu hiyo. Kanuni inayoleta msisimko haijawa maana. Gemu nyingi zinazouzwa, tuseme ukweli, hukomea kwenye msisimko, na ukiziondolea muziki wa kishindo na picha za kumetameta hubaki zoezi la vidole. Anayetaka kuzitetea kwa jumla, zote kwa pamoja, anajitwika mzigo asiohitaji kuubeba.

Kuna gemu chache, hata hivyo, ambazo kanuni yenyewe ndiyo inayosema. Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni Passage, iliyotengenezwa na Jason Rohrer mwaka 2007 na kuingia katika zile 14 za MoMA. Hudumu dakika tano tu, na dirisha lake ni utepe mwembamba wa pikseli 100 kwa 16. Mtu mdogo huanza upande wa kushoto na kutembea kuelekea kulia. Njiani anaweza kukutana na mwanamke, na wakigusana huwa wenzi na kutembea pamoja hadi mwisho. Ila wawili huchukua nafasi pana kuliko mmoja, na kwa hiyo kuna vipenyo ambavyo hawawezi tena kupita na masanduku ya hazina ambayo hawatayafikia. Nywele zao hupungua na kubadilika rangi, mwenzi hufa, aliyebaki hutembea polepole, naye hufa. Hakuna sentensi inayomwambia mchezaji kwamba kumpenda mtu ni kujifungia milango fulani. Hilo hulijua anapofika kwenye upenyo na kukuta hapiti. Mchoro ungeweza kumwonyesha wenzi hao, na riwaya ingeweza kumweleza, lakini kizuizi kile hukutana nacho kwa sababu yeye ndiye aliyechagua. Sehemu ambayo mtengenezaji ameiachia ndiyo hasa iliyobeba ujumbe. Kama hapo hapana maono ya mtu mmoja kuhusu maisha, basi sijui Jones angeyatafuta wapi.

Wasanii wa leo, kwa upande wao, hawakungoja ruhusa ya mtu. Mwaka 1999 wasanii wawili wanaojiita JODI walichukua gemu ya risasi Wolfenstein 3D, wakaondoa kuta na askari wake na kuweka maumbo meusi, meupe na ya kijivu, hata mchezaji asijue anapiga nini wala anatokea wapi. Mwaka 2002 msanii Cory Arcangel alifungua katriji, yaani kasha linalochomekwa kwenye mashine, ya gemu ya Super Mario Bros., akabadilisha chipu iliyobeba programu, akafuta kila kitu isipokuwa anga la buluu na mawingu yanayopita. Mario, mhusika mkuu wa gemu, hayupo, ardhi haipo, na hakuna cha kubonyeza. Kazi hiyo imeonyeshwa na majumba makubwa ya sanaa, na inapendeza kweli.

Lakini tazama kilichofanyika. Gemu imekubaliwa kama sanaa bila ubishi pale tu ilipoacha kuchezeka. Anayeitetea njia hii atasema kwamba hiyo ndiyo kazi ya sanaa: kukisimamisha kitu tulichokizoea ili tukione upya, kwani anayecheza hana nafasi ya kutazama mawingu. Nalikubali hilo kwa nusu. Nusu nyingine hunisumbua, kwa sababu mtazamaji hutoka akiamini kwamba ushairi umeletwa na msanii kwenye kitu kilichokuwa cha kitoto. Mawingu yale yalikuwa tayari na historia ya kutosha. Gemu nzima ya Super Mario Bros., ya mwaka 1985, ilipaswa kutosha katika takriban kilobaiti 40, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu, na wasanifu wa Nintendo, kampuni iliyoitengeneza, walibana kila walichoweza kubana. Umbo la wingu ndilo hilohilo la kichaka kilichoko chini. Kilichobadilishwa ni rangi tu, nyeupe juu na kijani chini. Mamilioni ya watu walipita hapo bila kugundua. Werevu huo wa kugeuza uhaba kuwa mandhari ulikuwepo kabla Arcangel hajashika bisibisi, na hauonekani popote kwenye ukuta wa maonyesho.

Ndiyo sababu nadhani MoMA, pamoja na kasoro zake, iliuliza swali bora kuliko wapinzani wake na kuliko watetezi wengi. Antonelli na wenzake walisema wanapima tabia inayochochewa na gemu, sura yake, namna inavyojenga nafasi na namna inavyotumia muda. Hivyo ni vipimo vya usanifu, na havihitaji mtu akate kwanza shauri la kama gemu ni sanaa. Swali la mizuka minne lina jibu linaloweza kukaguliwa: ondoa ule wa waridi, ucheze, uone kilichopotea.

Kasoro zilijitokeza wakati wa kuonyesha. Gemu ziliwekwa kwenye kuta tupu, skrini na vidhibiti peke yake, bila yale makabati ya rangi kali ya kumbi za michezo, ili mgeni asivutwe na kumbukumbu za utoto akasahau kutazama. Kwa Tetris uamuzi huo haudhuru kitu. Alexey Pajitnov aliiandika Moscow kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora, akaunda vipande vyake kwa alama za mabano. Gemu inayoweza kuishi kwa mabano haidai kabati. Kwa EVE Online hali ilikuwa kinyume kabisa. Ile ni dunia moja ambamo maelfu ya watu hufanya biashara, huungana na kusalitiana kwa miaka mingi, na hakuna mgeni anayeweza kuionja kwa dakika kumi akiwa amesimama. Jumba lilionyesha video yake. Huwezi kulilaumu sana, lakini video ya EVE ni EVE kama picha ya soko ilivyo soko.

Suala hilo la kuhifadhi ni kubwa kuliko linavyopewa nafasi. Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Zile zinazotegemea seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoziendesha kupitia mtandao, hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa kampuni ikizima seva hakuna kinachobaki isipokuwa faili lisiloamka. Makumbusho hutaka msimbo wa asili, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kampuni huutunza kama siri ya biashara. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mwaka 2021, wakati mnada wa Christie's ulipouza picha ya kidijitali ya msanii Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, soko lilikuwa likishughulika kukipa upekee kitu kinachonakilika bila kikomo, na huku kazi zisizonakilika zikiendelea kufutika.

Nimeliacha mwisho jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo halikutajwa na Jones wala Ebert. Kabati la ukumbini lilikuwa na tundu la sarafu, na tundu lile halikuwa pambo. Gemu za wakati ule zilipangwa ziwe ngumu kwa kasi maalumu ili mchezaji ashindwe, atamani kurudia, na alipe. Biashara ilikuwa ndani ya kanuni. Ukiondoa kabati ili watu waone usanifu mtupu, umeondoa sehemu ya usanifu wenyewe.

Leo sarafu imehamia ndani ya skrini. Gemu nyingi za simu hutolewa bure, kisha huuza masanduku ambayo mnunuzi hajui yamebeba nini mpaka ameyalipia, na mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo, yanapolipiwa kwa fedha halisi, ni kamari chini ya sheria zake. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka ugonjwa wa kushindwa kuacha gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoidhinishwa mwaka 2019. Wapo wataalamu waliopinga uamuzi huo wakihofia kwamba watu wenye huzuni au upweke watapewa jina la ugonjwa usio wao, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo haifuti ukweli kwamba gemu hizi hurekebishwa baada ya kutolewa, kwa kupima ni wapi wachezaji huondoka na ni bei gani huwazuia wasiondoke.

Wapo watakaosema kwamba sanaa yote imelipiwa na mtu, na kwamba dari za makanisa ya Italia zilichorwa kwa fedha za wenye mamlaka. Ni kweli, lakini dari haikumpima aliyeitazama usiku ule ili asubuhi ijibadilishe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu zenye ukatili, ikisema kwamba gemu hubeba mawazo kama vitabu na zinastahili ulinzi uleule wa uhuru wa kujieleza. Uamuzi huo nauona sahihi. Ninachoogopa ni ngao hiyohiyo kuinuliwa mbele ya jedwali la bei, kana kwamba uwezekano wa kupata upanga wa dhahabu mara moja katika mia nao ni maono ya msanii.

Sisi tunaosanifu programu za kawaida hatuko nje ya kesi hii. Tuzo za kila siku, hesabu ya siku mfululizo, nukta nyekundu inayodai kuguswa: nyingi tulizichukua kwenye gemu, tukazipeleka kwenye masomo ya lugha, benki na mazungumzo ya marafiki, na mara nyingi tulichukua mtego tukaacha mchezo. Makumbusho yatakapochagua gemu za muongo huu, na bila shaka yatachagua, ningependa ukuta ubebe pamoja na skrini ile orodha ya bei, uwezekano wa kila sanduku na grafu ambayo timu ilikuwa ikiitazama kila Jumatatu, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa jina la mtengenezaji.