Konda anapomwacha mwanafunzi kituoni: mwenye biashara achague wateja?

Muuza duka wa Majengo akikwambia "sikuuzii", sheria kwa sehemu kubwa iko upande wake. Bidhaa iliyopangwa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mkataba unazaliwa pale anapokubali hela yako. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku ubaguzi wa kabila, dini, rangi, jinsia na mengineyo, ila maneno yake yanawalenga hasa wenye madaraka ya kisheria na wanaotekeleza shughuli za mamlaka ya nchi. Mwenye genge la mboga hatajwi waziwazi.

Zipo pia sababu za kukataa ambazo hazina lawama. Famasi ikidai cheti cha daktari kabla ya kutoa dawa, inamlinda mgonjwa. Bodaboda anayegoma kupakia mshikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo, anaokoa roho tatu, yake ikiwemo. Hapo kinachokataliwa ni tendo. Gesti inayomrudisha mtu kwa ulemavu wake imemkataa mtu mwenyewe, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi huo.

Ugumu uko kwenye daladala. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni Sh600 kwa mtu mzima na Sh200 kwa mwanafunzi. Chukua Coster ya siti 26. Ikijaa watu wazima inaingiza Sh15,600. Wakiwemo wanafunzi 12, inaingiza Sh10,800. Sh4,800 zimeyeyuka kwa tripu moja, tena asubuhi, saa za mavuno, na hesabu ya tajiri, yaani kiasi ambacho mwenye gari anadai kila siku, haishuki hata shilingi. Ndiyo maana konda anasimamisha gari hatua kadhaa mbele ya kituo, au anaziba mlango: "Wanafunzi wawili tu!"

Hasara yake ni ya kweli. Lakini daladala si genge. Ina leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ya kupakia kwenye njia maalumu kwa nauli iliyopangwa, na mwenye gari aliijua nauli ya mwanafunzi alipoomba leseni hiyo. Mtoto wa Nkuhungu, Dodoma, aliyeachwa saa 12:30 asubuhi hana duka la pili la kwenda; anachelewa kipindi. Kwa maoni yetu, hapa haki ya kukataa haipo.

Malalamiko hufia njiani mzazi akisema tu "gari la Nkuhungu". Yanayohitajika ni namba ya gari, njia, kituo na saa.

Faini peke yake itamfunza konda kukwepa vizuri zaidi. Ruzuku ya serikali inasikika vizuri, ila pasipo tiketi za kielektroniki nani atahesabu waliopandishwa? Kila konda atadai alibeba thelathini. Njia ya karibu ni tajiri kupunguza hesabu siku za shule, kwa kiasi kinachofidia angalau tripu mbili za asubuhi. Matajiri wengi hawatalipenda hilo, na mikataba yao na madereva mara nyingi ni ya mdomo.