Nguo Zinazooana

Wiki tatu kabla ya harusi ya mwanawe, mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Mombasa akanipa agizo moja tu: nije na kanzu nyeupe, kwa sababu wanaume wote wa upande wetu wangeingia msikitini kwa nikahi wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na kofia za vito, zile za kudariziwa. Nilimwitikia "Naam, mama" mara tatu, na kila mara nilimaanisha. Kwa hiyo naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba yaliyonipata hayakutokana na ukaidi. Yalitokana na mizani.

Treni ya Mombasa ilikuwa imejaa kwa siku zote nilizozitaka, nami nikalazimika kukata tiketi ya ndege, tena ile ya bei ya chini kabisa, ambayo humruhusu abiria begi moja la mkononi lisilozidi kilo 7 na kumtoza kwa chochote kinachozidi hapo. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na karani hupima chombo kabla ya kupima kilichomo. Begi langu la magurudumu, ambalo nilikuwa nimelipenda dukani kwa sababu lilikuwa gumu kama sanduku la bati, lilikuwa na kilo 2 na gramu 600 likiwa tupu. Nilipotoa pia kilo mbili za majani ya chai alizoagiza mama mdogo, ambaye anaamini kwamba chai ikishavuka Mtito Andei hupoteza harufu isipobebwa na mtu wa ukoo, nilibakiwa na kilo 2 na gramu 400 za kumvika mwanamume mzima kwa siku nne.

Dada yangu wa mwisho, anayesomea ushonaji, alikuja jioni moja akaniona nimeketi sakafuni katikati ya rundo la nguo.

"Kaka, shida yako si wingi wa nguo," aliniambia. "Shida ni kwamba nguo zako hazijuani."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na shati la maua lililokubali suruali moja tu, na suruali ya kahawia iliyogombana na kila kitu kabatini, ikiwemo soksi. Dada akanieleza kwamba kuna elimu nzima ya jambo hili, na kwamba mwaka 1985, huko New York, mbunifu Donna Karan alitoa mkusanyiko wa kwanza kwa jina lake mwenyewe, uliojengwa juu ya vipande saba tu, ambavyo mwanamke angeweza kuvichanganya akaenda navyo kazini mchana na karamuni usiku bila kubeba kabati zima. Siri yake, kwa maelezo ya dada, ni kuchagua rangi mbili au tatu zinazooana, ili kila shati likubali kila suruali na kila sweta lilifuate kila shati.

Hapo karani akaamka. Mashati 3 mara suruali 2 ni mavazi 6, na ukiongeza sweta moja linaloweza kuvaliwa au kuachwa, unapata mavazi 12. Mavazi 12 kutoka katika vipande 6! Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Mimi ni mkaazi wa Majengo, Pumwani, na mtu wa Majengo akitaka nguo hahitaji nauli. Kesho yake alfajiri nilikuwa Gikomba, soko la mitumba, robota zikifunguliwa, nikisukumana na wale wanaowahi kamera, yaani nguo bora zinazochaguliwa kabla mikono ya watu haijazipitia. Nilikuwa nimekwisha chagua rangi zangu: buluu iliyokoza kwa suruali, samawati kwa mashati, nyeusi kwa viatu na mshipi. Ni rangi za mtu mwenye heshima. Mashati matatu ya samawati nilipata kwa muuzaji mmoja, yote yana mifuko miwili kifuani yenye vifuniko, na suruali mbili nikazipata kwa jirani yake. Sweta lilinichukua muda zaidi, kwa kuwa Julai ya Nairobi si ya mzaha. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayetoka alfajiri bila sweta hurudi na kikohozi. Hatimaye nikaliona: la buluu iliyokoza, zito, lenye viraka vya kitambaa mabegani na kwenye viwiko, na juu ya kila bega kulikuwa na kijikanda chenye kifungo.

"Hiki cha begani ni cha nini?" nilimwuliza muuzaji.

"Hicho ni cha kuzuia mkanda wa begi usiteleze, mzee. Hii ni nguo ya msafiri."

Nilimwamini kwa moyo wangu wote. Akaniongezea na chepeo ya buluu kwa shilingi hamsini, nayo pia ilioana.

Usiku wa kuamkia safari nilivaa nguo za kusafiria nikajipitisha mbele ya kioo, kisha nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Alinitazama kimya kwa muda ambao nilidhani ni wa mapenzi.

"Baba watoto," akasema, "unasafiri au unaingia zamu?"

Nilimweleza habari za mavazi 12. Alisikiliza, akakubali kwamba hesabu ni sahihi, kisha akauliza kama kanzu imo begini. Imo, nikamjibu, ingawa kwa kweli ilikuwa inanisumbua, kwa maana haikuzaa chochote. Suruali ilizaa mavazi sita. Kanzu ilizaa vazi moja, tena la saa moja. "Haioani na kitu," nililalamika. Mke wangu akasema kanzu haina haja ya kuoana na kitu, kwa sababu inafika miguuni.

Asubuhi nilipitia bucha ya mtaani kupima begi, maana sina mizani nyumbani na mwenye bucha ni rafiki yangu wa tangu chuoni. Alifuta sahani ya mizani kwa kitambaa ambacho sikupenda kukitazama mara mbili, akaliweka begi baina ya paja la mbuzi na kipande cha mafuta ya ng'ombe, sote wawili tukainama kutazama zile namba nyekundu zikitapatapa mpaka zikatulia.

"Kilo saba na robo," akatangaza kwa sauti ya kazi. "Nikutolee robo?"

Wateja wawili walikuwa wanangoja nyuma yangu, mmoja akiwa na haraka ya maini. Nikafungua begi palepale juu ya kaunta, mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye ile nguo isiyozaa. Mizani ikashuka hadi kilo 6 na gramu 850. Nilijiambia kwamba Mombasa haijawahi kukosa kanzu ya kuazima, nikamwachia mwenye bucha aipeleke kwangu, naye akaitundika kwenye kulabu, mbali kidogo na nyama, nashukuru.

Siku hizo, njiani kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, abiria wa magari walishuka na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu, gari likikaguliwa peke yake. Nilishuka, nikavuta begi langu, na kabla sijafika kwenye foleni bwana mmoja mwenye suti aliniuliza kwa adabu wapi pa kupita. Nikamwonyesha. Nyuma yake alikuwa mama mwenye watoto watatu, naye nikamwonyesha. Ukweli ni kwamba nililelewa kusaidia watu, na sikuona ajabu yoyote mpaka nilipogeuka nikakuta watu kama kumi wamejipanga mbele yangu, mikono juu, wakisubiri niwapapase.

Askari wa kweli alinijia kwa hatua za polepole. Tulikuwa tumevaa rangi zilezile, isipokuwa sweta langu lilikuwa na hali nzuri kuliko lake.

"Wewe ni wa kampuni gani?" akauliza.

"Mimi ni abiria."

Alinitazama kuanzia chepeo hadi viatu, akatazama tiketi, akatazama tena vile vijikanda vya begani. "Abiria," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi asioufahamu. Aliponiruhusu kupita alininong'oneza kama kwetu tunalipwa kwa wakati.

Mapungufu ya ndege yenyewe nitayapitia haraka: ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi, ikaondoka saa nane mchana. Nilizikusanya adhuhuri na alasiri palepale uwanjani, kama msafiri anavyoruhusiwa, na nilipotua Mombasa hapakuwa tena na wakati wa kupitia nyumbani kwa mama mdogo wala kuazima kanzu ya mtu yeyote. Nilipanda tuktuk na begi langu mapajani, tukakwama Changamwe, tukakwamuka, tukavuka daraja la Makupa, na nikashushwa kwenye kichochoro cha Mji wa Kale saa kumi na dakika kumi. Sweta sikulivua. Halikutosha begini, na begi halikufunguka, kwa sababu zipu yake ilikuwa imeuma kipande cha pakiti ya chai.

Watu walikuwa wamekwisha kusali alasiri, na wageni wa nikahi walikuwa wanaingia kwa makundi, weupe mtupu, wakinukia udi. Nilivua viatu, nikaviweka mwisho wa mstari kando ya ngazi, na nikainua mguu wa kulia niingie. Hapo mzee mmoja wa makamo ya babu yangu akanishika mkono. Alikuwa amevua viatu vyake vya ngozi, vipya, na akaniwekea mikononi bila hata kunitazama usoni.

"Hebu nitizamie hivi, mwanangu. Ijumaa iliyopita walinibia."

Mtu aliyelelewa Majengo humjibu nini mzee wa namna ile, mlangoni mwa msikiti, sauti ya khutba ikikaribia kuanza ndani? Nikasema, "Haya, babu." Kosa langu lilikuwa hilo tu. Waliomfuata waliona askari ameshika viatu, wakafurahi kwamba safari hii kamati imefanya mpango, na kabla sijafumbua mdomo nilikuwa na jozi kumi na saba miguuni pangu, na kila mwenye jozi alikuwa ameniaminia kwa maneno matamu. Nilipojaribu kuingia, kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Korokoroni, usiondoke bwana, watoto wa hapa hawana simile."

Nikahi niliisikia kupitia dirishani. Nilimsikia binamu yangu akikubali, kwa sauti nyembamba ambayo nitamkumbusha maisha yake yote. Nilisikia dua, nikaitikia amina nikiwa nje, chepeo mkononi. Kisha ikaja harufu ya kahawa na halua, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana tangu asubuhi nilikuwa nimekula biskuti mbili za ndegeni. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya lile sweta la msafiri. Mke wangu akapiga simu kuuliza kama nimefika salama. Nikamweleza, kwa kifupi, akanyamaza kidogo.

"Lakini Baba watoto," akasema, "kwani ungeivaa hiyo kanzu mwilini ukapanda nayo ndege, nani angekupima?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Walipotoka, walitoka kwa pamoja, wana haraka ya kumsindikiza bwana harusi kwa mkewe. Kila mmoja alitaja vyake, nami nikamkabidhi, na wengi waliniachia chochote: shilingi ishirini, hamsini, mmoja kipande cha halua kwenye karatasi. Niliikuta nafsi yangu imeanza kuipenda kazi. Kijana mwenye kanzu ya kumeremeta akanionyesha kwa kidole huku akizungumza na simu: "Vyeusi, vya kamba, pale mwisho." Nikaviokota, nikavipangusa vumbi kwa mkono wa sweta, nikampa. Akanipa hamsini. Nilimshukuru, akaenda zake, na nilikuwa nimehesabu shilingi 370 nilipotambua kwamba kando ya ngazi imebaki jozi moja tu ya champali, ya kijani, kamba moja imeshikizwa kwa pini, na kwamba viatu vyeusi vya kamba, pale mwisho, vilikuwa vyangu.

Mama mdogo aliponiona nyumbani kwa bi harusi hakusema neno. Alinikumbatia, akapokea chai yake iliyotobolewa na zipu, akanitazama miguu, na akaniamuru niingie kwenye picha ya ukoo kabla hajabadilisha nia. Nilisimama mwisho wa mstari wa pili. Ninayo picha hiyo: wanaume ishirini na watatu weupe kama maziwa, na pembeni yao mtu mmoja wa buluu, mwenye chepeo mkononi na champali za kijani, amesimama wima kama anayesubiri gari lifunguliwe lango.

Mpiga picha alipomaliza, bibi mmoja wa upande wa bi harusi alimgeukia jirani yake akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Watu hawa wa Nairobi wana utu. Hata askari wao wamemtia kwenye picha." Kisha akanijia, akafungua fundo la leso yake taratibu, na akanitilia noti ya shilingi 200 kiganjani.

"Ukanunue viatu, mwanangu," akaniambia.

Nilizipokea kwa mikono miwili.