Anomali za kwanta: tuamini nyaya au mwanga?

Jamaa mmoja anafundisha fizikia sekondari huku Nyegezi, Mwanza, kanambia kupima anomali za kwanta kwa mwanga ni mbwembwe tu, nyaya zipo, pitisha umeme, pima, basi. Mi naona ana hoja ila nusu.

Anomali ni pale sheria inayoshika vizuri kwenye hesabu za kawaida inavunjika ukiingiza kwanta, yaani sheria za vitu vidogo kabisa kama elektroni. Adler, Bell na Jackiw waliionesha 1969 kwenye fizikia ya chembe, 1983 Nielsen na Ninomiya wakasema hata ndani ya kristali inawezekana. Kwenye semimeta ya Weyl, kristali ambayo elektroni zake zinakwenda kama hazina uzito, mfano TaAs (tantali na aseniki), elektroni ziko makundi mawili, za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, ukielekeza sumaku na umeme upande mmoja kundi moja linapungua lingine linajaa, ukinzani unashuka. Safi. Shida sasa, kwa nyaya ukinzani unaweza kuonekana umeshuka kisa tu umeme umejikusanya katikati ya kipande, yaani umepima mahali ulipobandika nyaya zako!

Mwanga hauna hayo, maana haubandiki nyaya, unapima tu mwanga unatetemeka upande gani. Vaa miwani ya polaroidi saa kumi hivi pale Kirumba, tazama ziwa upande wa jua, mng'ao wa maji unapungua, ilaze miwani ubavu uchungulie, mng'ao huo umerudi, kilichobadilika ni pembe tu kati ya miwani na mtetemo wa mwanga. 2016 timu ya Johns Hopkins kule Marekani ilipima pembe za mtetemo kama hizo ila ndogo mno, kwa mwanga wa terahetsi (hauonekani kwa macho) kwenye utando wa kristali ya bismathi selenaidi, baridi ya kelvini chache na sumaku kali, mtetemo wa mwanga ukageuka pembe kwa hatua hatua, na ukiunganisha mwanga uliopita na ulioakisiwa, kibao kinachobeba utando kinajifuta kwenye hesabu, inabaki namba moja ya maumbile, karibu 1/137, inayosema mwanga na chaji za umeme vinashikana kwa nguvu kiasi gani. Hapo sibishi.

Ila mwanga nao hauchagui, unasoma uso, tumbo la kristali, mitetemo ya atomi, vyote kwa mpigo, kuvitenganisha unahitaji modeli, na modeli yenye vigezo kibao inakubaliana na chochote. Angalia RhSi na CoSi, kristali nyingine za jamii hiyo: nadharia ya 2017 iliahidi mwanga wa duara, yaani ambao mtetemo wake unazunguka, utatoa umeme ambao kasi yake ya kukua inapangwa na namba za maumbile tu, kumbe ukipima, ukubwa wa umeme wenyewe unategemea pia elektroni inadumu muda gani kabla ya kugongana, na muda huo unaukadiria wewe. Hapo mwanga hauna ubabe wowote juu ya nyaya.

Kwa Weyl mi ntakubali nikiona kipande kilekile kimepimwa kwa njia zote mbili, sumaku ikigeuzwa pembe kidogo kidogo, na majibu yanapanda na kushuka pamoja.