Asali inaweza kuwa safi na hewa ikawa chafu

Mama mmoja anauzaka asali ndani ya chupa za zamani za bia ya Simba, hapa kwetu Lubumbashi, kando ya barabara ya kwenda Likasi. Siku ile alitusikia mi na rafiki yangu tunaongelea habari ya kuweka mizinga karibu na lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, ili nyuki watupimie uchafu, akakasirika kabisa: "Nyinyi ba masomo, mukiandika asali iko na sumu, watoto yangu watakula nini?" Nimewaza yale maneno wiki nzima juu hana makosa, asali ikisemwa vibaya mara moja soko limekufa. Lakini wale wenye wazo la nyuki nao wanasikiwa vibaya, na njo maana naandika.

Nyuki haendi kupima kitu, anaenda kutafuta chakula. Mara nyingi anazunguka kilomita mbili tatu toka kwa mzinga, maua yakikosekana anaweza kufika hata karibu kumi. Mwili wake wote ni vinyoya vyenye chaji kidogo ya umeme, vumbi linamganda vile linaganda kwa kioo cha televizyo. Anagusa maua, anakunywa maji ya dimbwi, anakwangua utomvu kwa miti, halafu vyote vinaingia nyumba moja, na wenzake maelfu wanafanya vilevile kila siku, bila mafuta ya jenereta na bila kungoja umeme urudi.

Sasa watu wanachanganyikiwa hapa: wanadhani kupima kwa nyuki ni kupima asali. Kumbe asali njo shahidi mbaya kuliko wote wa mle ndani ya mzinga! Nyuki akibeba nekta, yale maji matamu ya maua, sehemu kubwa ya metali inabaki kwa mwili wake yeye, asali inatoka safi kumshinda. Mwenye kutafuta shaba ao kobalti achukue nyuki wenyewe, na ule unga wa maua wanaoleta miguuni, na propolisi, ile gundi wanatengeneza na utomvu wa miti. Nta nayo inafaa zaidi kwa dawa za wadudu, zile zinazoyeyuka ndani ya mafuta.

Na hata huyu shahidi mbaya anasemaka kitu. Aprili 2019 paa la Notre-Dame kule Paris liliungua, lilikuwa na madini ya risasi mamia ya tani. Mwezi wa saba wataalamu wakapima asali ya mizinga ya mjini. Mzinga mmoja upande wa magharibi, kule moshi ulielekea, chini ya kilomita tano toka kanisa, ulitoa 0.08 mg ya risasi kwa kilo moja ya asali. Asali ya Paris ya mbele ya moto ilikuwa 0.009. Piga hesabu: karibu mara tisa. Lakini kipimo cha mwisho ambacho Ulaya inaruhusu ni 0.10, kwa hiyo hiyo asali unaweza kuiuza, ukaila na mkate, na bado inakuambia moto ulipita wapi. Mi hii hesabu sichoki kuirudilia juu inajibu mama na inajibu wenye masomo kwa mara moja. Kuonyesha uchafu ni jambo moja, kuwa sumu ni lingine.

Tena kuna mfano unaotufanana zaidi. Tacoma, Marekani, kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha shaba chenye bomba refu kama letu. Wafugaji wa nyuki wa eneo lile la Puget Sound walijitolea kuleta nyuki na unga wa maua, na matokeo yaliyotoka 1985 yakachora ramani ya aseniki na kadmiumu, zile sumu za moshi, mpaka unaona kule moshi ulikuwa unashukia. (Kiwanda kilifungwa mwaka uleule, lakini tusidanganyane, nyuki hawakukifunga.)

Wanaopinga wananiambia: Lubum tunajua tayari. Kiwanda chetu cha shaba kilianza kuyeyusha 1911, pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi upande wa mtaa wa Penga Penga, udongo ukabaki uchi mpaka watu wa UNILU, chuo kikuu chetu, walijaribu kuufunika tena na majani ya Microchloa kunthii wakitia chokaa na mbolea. Na utafiti wa 2009 ulipima mikojo ya watu 351 wa Katanga, ukakuta kobalti nyingi ambayo ilikuwa haijawahi kuandikwa kwa watu wa kawaida. Sasa mdudu wa nini? Nakubali, mkojo unaongea juu ya mtu mwenyewe. Lakini unachanganya bukari (ugali), maji, mboga ya lenga-lenga na vumbi, hauwezi kukuambia vumbi limetoka upande gani wiki hii. Nyuki anayeenda nje anaishi wiki chache tu, kwa hiyo anabeba habari za karibuni.

Pingamizi lenye linanisumbua kweli ni lingine. Huku kwetu udongo wenyewe una mukuba, njo shaba, kuna vilima ambako maua ya shaba yanaota tangu mbele ya mzungu yeyote kuchimba. Nyuki akirudi na shaba, nani atajua ni ya bomba ao ya Mungu? Na nyuki wetu hana subira, ukame ukizidi ao ukimsumbua anahama, unabaki na sanduku tupu katikati ya utafiti. Bila mizinga ya mbali, ndani ya pori la miombo, ya kulinganisha nayo mwezi kwa mwezi, namba za mjini hazina maana.

Basi nikarudia kwa mama. Nikamueleza kwamba asali yake ya pori njo tunaihitaji kwanza, pamoja na nyuki wachache wa mizinga ya bwana yake, juu bila ile ya mbali, ile ya mjini haisemi kitu. Akaniangalia, akaweka chupa chini, akauliza tutalipa ngapi.