Ubingwa wa Ohio State 2024 ni wa difensi, na tuwape haki yao

Watu wakisimulia msimu wa 2024 wa Ohio State, timu ya chuo kikuu ya mpira wa Kimarekani, karibu wote wanaanza na mdakaji Jeremiah Smith, na siwalaumu maana yule dogo alikuwa mwaka wa kwanza tu chuoni na tayari mabeki wa timu kubwa wanamwogopa. Wengine wanaanza na Will Howard, kwotabeki, yaani mtupaji wa pasi. Wengine wanakimbilia zile dola milioni 20 ambazo Ross Bjork, mkurugenzi wa michezo wa chuo, alizitaja mwenyewe kwamba ndo hela iliyoenda kwa wachezaji. Mimi naanza na difensi kwa sababu ukiangalia mechi moja moja kuanzia Agosti hadi ile fainali ya Atlanta tarehe 20 Januari 2025, utaona kuna siku ofensi (upande wa kushambulia) ililala kabisa, kuna siku mpigaji wa fildigoli (mkwaju wa pointi 3 kati ya milingoti) alikosa, kuna siku kocha Ryan Day alipanga mambo vibaya, ila difensi ilianguka kweli siku moja tu. Moja. Na hiyo moja ndo iliyowabadilisha.

Kwa wasioufuatilia sana mpira wa Kimarekani niweke hesabu sawa kwanza. Tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira endizoni, lile eneo la mwisho wa uwanja, na ile pointi ya nyongeza ni pointi 7. Ohio State walicheza mechi 16 na wakaruhusu wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, yaani hata tachidauni mbili kamili hazifiki, na yadi 254.6 kwa mechi. Namba zote hizo mbili zilikuwa bora kuliko timu yoyote ya daraja la juu la vyuo Marekani nzima. Na wangekuwa wamecheza na vibonde ningenyamaza, lakini ratiba ilikuwa na Oregon mara mbili, Penn State ugenini, Indiana ya moto, Michigan, Tennessee, Texas, Notre Dame. Hebu niambie hapo pa kupumzika ni wapi.

Sasa Oregon. Tarehe 12 Oktoba kule Eugene, nyumbani kwa Oregon, Ohio State walipigwa 32-31, na kama unakumbuka kelele zilizofuata zote zilikuwa juu ya Will Howard kuchelewa kulala chini ili waombe saa isimamishwe, mpaka muda ukaisha. Kwangu hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba Oregon walikusanya yadi 496, kwotabeki wao Dillon Gabriel akatupa pasi za yadi 341 na hakuangushwa hata mara moja nyuma ya mstari wake, mara sifuri, wakati mbele yake wamesimama Jack Sawyer na JT Tuimoloau, wakali wa mstari wa mbele wa difensi! Mdakaji wao Evan Stewart akamla Denzel Burke usiku kucha, kila mpira mrefu unaenda kwake na Burke yuko nyuma hatua mbili. Burke ni beki mzoefu, amecheza tangu akiwa mwaka wa kwanza, na usiku ule alionekana kama hajui afanye nini na mikono yake. Iliuma sana kumwangalia.

Baada ya pale wakawa na wiki ya mapumziko na hapo ndo Jim Knowles, kocha wa difensi, akafanya kazi iliyostahili mshahara wake. Kabla ya hapo alikuwa anategemea wale wanne wa mbele wafike wenyewe kwa kwotabeki na wengine wakae nyuma. Baada ya pale akaanza kuchanganya, anaonyesha watu sita wanakuja halafu wawili wanarudi kukaba pasi, anayekuja kweli ni yule usiyemtegemea. Caleb Downs, sefti, yaani beki wa nyuma kabisa, akasogezwa karibu na mstari mara nyingi zaidi, na Downs ukimsogeza karibu ni hatari maana anasoma mchezo kabla haujaanza. Sonny Styles naye, ambaye mwaka huo ndo kwanza ametolewa nyuma kwenye usefti akawekwa lainbeka, katikati ya difensi, akaanza kutulia. Mwanzoni mwa msimu unamwona anawaza kwanza ndo akimbie, kufika Novemba anakimbia tu.

Nebraska waliwasumbua, Ohio State wakashinda 21-17 tu, sitaki kuficha hilo. Lakini wiki iliyofuata, tarehe 2 Novemba, wakaenda Penn State na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hii mechi watu wanaisahau na kwangu ndo iliyoonyesha hawa jamaa ni akina nani.

Uwanja wa Beaver una watu zaidi ya laki moja na elfu kumi, wanapiga kelele mpaka wachezaji wanaongea kwa ishara. Ohio State wakaanza vibaya, Howard akatupa pasi ikanaswa na kurudishwa mpaka endizoni, ghafla 10-0. Baadaye Howard huyohuyo akauachia mpira karibu kabisa na mstari wa goli ukatokea nje kupitia endizoni, pointi zikapotea. Timu nyingi hapo zinavunjika moyo. Difensi ikasimama. Kabla ya mapumziko Penn State wako karibu kufunga, Davison Igbinosun akanasa pasi ndani ya endizoni. Halafu kipindi cha nne Penn State wakafika yadi 3, wana majaribio manne ya kuingia. Kaytron Allen akapewa mpira, hakuingia. Akapewa tena, hakuingia. Akapewa mara ya tatu, hakuingia. Jaribio la nne wakatupa pasi, ikadondoka. Yadi tatu tu, ni mtu mmoja kujilaza chini, na hawakuzipata! Ofensi ikachukua mpira ikala dakika tano zilizobaki, mechi ikaisha 20-13. Na zile pointi 13 za Penn State ukizichambua ni ile pasi iliyonaswa na fildigoli mbili, yaani ofensi ya Penn State nyumbani kwao haikupata tachidauni hata moja.

Indiana walikuja Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wameshinda mechi zote 10, kila mtu anasema hawa ndo habari ya mjini. Wakapata yadi 151 mechi nzima na kufungwa 38-15. Sina la kuongeza.

Michigan sasa. Tarehe 30 Novemba Ohio State walifungwa nyumbani 13-10, tena na Michigan iliyokuja na ushindi mara sita na vipigo vitano. Sisi Waswahili tunaoufuatilia mchezo huu huku Ohio tunajua hiyo siku mtaani ilikuwaje, watu walikuwa kama wamefiwa, na simu za redioni zote ni fukuza Ryan Day, fukuza kila mtu. Kitu kilichoniuma mimi ni kusikia difensi inatiwa kwenye kapu moja na wengine. Angalia kilichotokea. Michigan walipata yadi 234 tu. Kwotabeki wao Davis Warren alitupa pasi za yadi 62 na mbili zikanaswa. Tachidauni yao pekee ilitokana na pasi ya Howard iliyonaswa pale karibu na mlango wa Ohio State, difensi ikaingia uwanjani adui tayari kashagonga hodi. Upande wa pili Ohio State wakakosa fildigoli mbili, na wakang'ang'ania kukimbiza mpira katikati penye watu wawili wakubwa kuliko wote uwanjani, Mason Graham na Kenneth Grant, wakati wana wadakaji wazuri kuliko timu yoyote nchini. Ukiruhusu pointi 13 na bado unafungwa, tatizo sio wewe.

Kosa la difensi siku ile lipo, nalitaja: ile safari ya mwisho ya Michigan na mpira, mkimbiaji wao Kalel Mullings aliwabeba na kusonga mbele mpaka Dominic Zvada akapiga fildigoli fupi zikiwa zimebaki sekunde 45. Walihitaji kusimama mara moja hawakusimama. Sawa. Ila kuwapa wao mzigo wa mechi ile ni uonevu.

Na baada ya filimbi likazuka lile zogo la bendera katikati ya uwanja, Sawyer akainyofoa bendera ya Michigan kwenye mti wake na kuitupa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wengi walimsema. Mimi nilimwelewa, sio kwamba nasifia vurugu, hapana, ila huyu ni kijana wa Pickerington, dakika chache tu kutoka uwanjani, amekaa miaka minne hajawahi kuwafunga Michigan hata mara moja, na alikuwa na nafasi ya kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka mmoja kabla akakataa. Na sio yeye peke yake. Tuimoloau alirudi, Burke alirudi, Lathan Ransom, Tyleik Williams, Ty Hamilton, Jordan Hancock, wote wangeweza kuondoka wakarudi. Ndo maana hoja ya kwamba ubingwa ulinunuliwa inanikera. Hela ilikuwepo na ilisaidia kuwabakiza, sikatai, lakini kwenye wale 11 wa difensi walioanza, waliotoka vyuo vingine ni wawili tu, Downs kutoka Alabama baada ya kocha Nick Saban kustaafu na Igbinosun kutoka Ole Miss. Tisa waliobaki Ohio State iliwachukua wakitoka sekondari na kuwalea yenyewe.

Mtoano wa ubingwa ulikuwa wa kwanza wa timu 12 na wao wakawekwa namba 8. Tennessee wakaja Columbus kwenye baridi kali na mashabiki wao maelfu wamevaa rangi ya chungwa, robo ya kwanza haijaisha ni 21-0, ikaisha 42-17. Halafu robo fainali, Rose Bowl, Oregon tena, wale wale waliokuwa hawajafungwa msimu mzima. Hapa ndo unaona zile wiki za Oktoba zilikwenda wapi. Yule Gabriel ambaye hakuguswa kule Eugene safari hii aliangushwa mara 8. Mbio zote za Oregon ukizijumlisha zilitoa yadi 23 hasi, walimaliza nyuma ya walipoanzia. Ilifika 34-0 kabla ya mapumziko, matokeo ya mwisho 41-21, na mchezaji bora wa difensi akawa Cody Simon. Nafurahi sana kwamba alikuwa Simon, kwa sababu hana majina makubwa kama ya wenzake, ndo aliyepewa jezi namba 0 ile ya heshima mwaka huo, na mwezi mzima ule alikuwa kila mahali mpira ulipo.

Texas ilikuwa ngumu. Nusu fainali, Cotton Bowl, Arlington, yaani kwa Texas ni nyumbani kabisa. Ohio State wanaongoza 21-14, dakika za mwisho, faulo za kukaba zikawapeleka Texas mpaka yadi 1. Nakwambia kila aliyekuwa anaangalia alishaanza kuhesabu dakika za nyongeza. Jaribio la kwanza, katikati, hakuna kitu. Jaribio la pili Texas wakarusha mpira pembeni kwa Quintrevion Wisner, difensi ikawahi kama inaujua mchezo wenyewe, wakamrudisha yadi 7 nyuma. Kwangu huo ndo ulioamua mechi, kuliko hata kilichofuata, maana kutoka yadi 8 Texas wakalazimika kupasi. Jaribio la tatu pasi ikashindikana. La nne Sawyer akamfikia kwotabeki wa Texas, Quinn Ewers, akaupiga mpira ukatoka, akaudaka mwenyewe na kukimbia yadi 83 mpaka upande wa pili. Ewers na Sawyer waliwahi kukaa chumba kimoja 2021 Ewers alipokuwa Ohio State! Ikawa 28-14, Downs akanasa pasi moja baadaye, kwisha habari.

Fainali na Notre Dame sitaisifia yote. Safari ya kwanza ya Notre Dame na mpira ilikuwa na miondoko 18, karibu dakika kumi, kwotabeki wao Riley Leonard anakimbia na mpira mwenyewe anagonga watu na kuinuka tena mpaka akafunga. Knowles alishikwa hajajiandaa na hilo. Baada ya hapo wakamfunga njia, ofensi ikapiga pointi 31 mfululizo, nikajua imeisha. Haikuisha. Jaden Greathouse wa Notre Dame akafunga mara mbili kipindi cha pili, ikawa 31-23, na hapo difensi ilikuwa imechoka waziwazi. Safari hii ofensi ndo iliyolipa deni, ile pasi ndefu ya Howard kwa Smith kwenye jaribio la tatu wakihitaji yadi 11, halafu fildigoli, 34-23. Haki yao nao naitoa.

Siku chache tu baadaye Knowles akahamia Penn State, na nafasi yake akapewa Matt Patricia aliyetoka NFL. Kwenye drafti ya Aprili 2025, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo, wanane kati ya wale 11 wakachaguliwa, Williams raundi ya kwanza na Detroit, Tuimoloau Indianapolis, Sawyer Pittsburgh.

Wazee wa Ohio State wanasema difensi ya 2002 bado ni bora, ile ya Mike Doss na Will Smith, iliyomaliza na ushindi 14 bila kipigo na kuwazuia Miami mlangoni kwenye muda wa nyongeza wa pili kwenye fainali. Naiheshimu, na kutofungwa hata mechi moja ni jambo kubwa ambalo hawa wa 2024 hawana. Lakini wale walicheza mechi moja ya mwisho, hawa walicheza nne mfululizo ndani ya mwezi mmoja, na kati ya hizo nne walizuia Texas yadi moja na wakamgeuza Oregon kutoka yadi 496 hadi mbio za hasi. Mimi nachagua hawa.