Anayetoa Mguu Bandia Aseme Pia Nani Atautengeneza

Mguu bandia unapokabidhiwa huwa kuna makofi na picha, na mpokeaji anatembezwa hatua chache mbele ya wageni. Furaha hiyo ni ya haki kabisa. Nami natumia mguu bandia wa chini ya goti, najua kusimama tena ni nini. Lakini kila nikiona picha za namna hiyo najiuliza: ukilegea, ukipasuka, ukimbana, ataupeleka kwa nani? Anayetoa mguu bila kujibu swali hilo siku ileile ametoa nusu ya msaada, hata kama mguu wenyewe ni wa bei mbaya.

Hii ni mashine inayobebeshwa mwili mzima. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10328 kinataka sehemu zake zijaribiwe kwa kukandamizwa mara milioni 3, na ukisikia hivyo unaweza kudhani umepata mguu wa maisha. Tupige hesabu. Anayetembea hatua 5,000 kwa siku anaukanyagia mguu bandia mara 2,500. Milioni 3 zinakwisha baada ya siku 1,200, yaani miaka 3 na miezi kadhaa. Na mashine ya maabara haivuki tope wala haitoi jasho.

Hata hivyo, mara nyingi si chuma kinachoshindwa kwanza. Kinachobadilika ni mwili. Baada ya kukatwa mguu, uvimbe hupungua na misuli isiyofanya kazi husinyaa, hivyo kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, huendelea kuwa chembamba kwa miezi mingi. Soketi, yaani kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu huingia, hata ikikaa vizuri mwanzoni inaweza kuwa pana kabla mwaka haujaisha. Hata ndani ya siku moja kigutu cha asubuhi si cha jioni, ndiyo maana tunatembea na soksi za kigutu za akiba mfukoni, tunaongeza moja mchana mguu ukianza kucheza. Soksi zikizidi kuwa nyingi, soketi hiyo imekwisha kazi yake. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huambiwa wavumilie. Kigutu kinachozama ndani ya soketi pana hubeba uzito mahali pasipostahili, ngozi inasuguliwa, malengelenge yanatoka, na kidonda kimoja kinaweza kukulaza wiki nzima bila kuvaa mguu. Kwa mwenye kisukari ni hatari zaidi, maana huenda asihisi maumivu kabisa.

Dawa ya kwanza ni macho. Ukivua mguu, kitazame kigutu pande zote, na kwa nyuma tumia kioo. Wekundu unaofifia baada ya dakika kama kumi si wa kukutisha. Ukibaki, na hasa ukirudi mahali palepale kesho yake, hapo soketi inabana na fundi anatakiwa kupaona. Laina ya silikoni, ile soksi nene laini inayovaliwa kati ya kigutu na soketi, nayo ioshwe kila siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, isuuzwe mpaka utelezi wote uishe, kwa kuwa sabuni inayobaki huiwasha ngozi usiku na mchana. Ianikwe kivulini. Kigutu kioshwe jioni, kwani ngozi iliyotoka kulowa huvimba kidogo na kugoma kuingia. Pamoja na utunzaji wote huo, laina huchakaa. Nyingi hazipiti mwaka. Huo ni uchakaaji wa kawaida, na anayelipia mguu anapaswa kuuweka kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna kazi za mtumiaji na kuna zisizo zake. Skrubu ndogo zinazoshika bomba, lile linalosimama badala ya mfupa wa mguu, na unyayo wa bandia ndizo zinazopanga pembe ya mguu. Ukizungusha moja kidogo tu, goti linasukumwa, kiuno kinafidia, mgongo unalipa. Viatu pia: unyayo umepangwa kwa kisigino cha kimo fulani, ukihamia kiatu kilicho bapa zaidi utahisi goti linarudishwa nyuma. Na mguu ukianza kutoa mlio usiouzoea, acha kuutumia hadi ukaguliwe.

Ndiyo maana ninapoulizwa mguu gani ni bora, nauliza kwanza karakana iko umbali gani. Goti la kielektroniki ni kazi nzuri sana ya uhandisi, lakini lisipopata chaji na huduma ya mtengenezaji linageuka mzigo. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960, ulisifika kwa sababu mtu aliweza kutembea nao pekupeku, na fundi aliweza kuutengeneza kwa vifaa alivyonavyo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo ilichagua plastiki ya polipropilini, ambayo ni nafuu na hukubali kupashwa moto na kurekebishwa umbo.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2017 vinahesabu ufuatiliaji kuwa sehemu ya huduma yenyewe. Wafadhili na kampuni za bima wavisome. Kanuni ya kumlipia mtu mguu mmoja kwa miaka kadhaa, bila kujali umri, inamwumiza zaidi mtoto, ambaye mfupa wake unaendelea kurefuka na mara nyingi huhitaji soketi mpya kila mwaka.

Kama uko karibu kupokea mguu, usiondoke bila karatasi yenye aina na saizi ya kila sehemu: unyayo, laina, pini inayoifunga laina kwenye soketi, bomba. Omba tarehe ya ukaguzi wa kwanza na namba ya simu ya karakana. Fundi mwingine akikupokea bila karatasi hiyo, atalazimika kukisia, na sehemu za watengenezaji tofauti hazikubaliani kila mara.